Betri ya Volti 9 Iliyotoa Volti 39

Mvuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki hana haja ya kuambiwa na msomi yeyote kwamba bamvua huja mara mbili katika mwezi, moja mwezi unapoandama na nyingine unapopevuka, na kwamba baina ya mbili hizo huja maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kwa ajizi na kupwa kwa ajizi. Maarifa hayo aliyapokea kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake, na juu yake hupangwa siku za kutega madema, siku za kuupandisha mtumbwi mchangani ukapakwa sifa, na siku ambazo kina mama huteremka mwambani kuchokoa pweza. Lisilojulikana na wengi ni kwamba ndani ya maarifa hayo ya pwani limo somo zima ambalo vyuo vya uhandisi ulimwenguni kote huwafundisha vijana wao, somo la mifumo mstari ya wakati usiokatika, na ambalo bila yake hapana mtu awezaye kusanifu kwa yakini usukani wa ndege, mtambo wa kuzalisha umeme, wala hata kikuza sauti cha msikitini. Somo hilo siku hizi hufundishwa mbele ya kompyuta, na kompyuta huigiza kila kitu kwa wepesi wa kushangaza. Nami nimekusudia kueleza katika makala haya kwa nini wepesi huo, pamoja na baraka zake zote, unamtaka mwanafunzi awe amekwisha kujua jambo fulani kabla ya kukiwasha chombo chenyewe.

Sababu na athari

Mwezi huyavuta maji ya bahari, na kwa kuwa dunia inazunguka na mwezi nao unatembea, mvuto huo hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25. Jua nalo huvuta, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi, na mvuto wake hurudi kila baada ya saa 12 kamili. Kwa siku kadhaa miadi ya wawili hao hukaribiana, maji ya mwezi na maji ya jua yakapanda pamoja, ndipo watu wakasema kuwa ni bamvua. Kisha dakika zile 25 hulimbikizana siku hata siku, hata ikawa mwezi unapandisha ilhali jua linashusha, ndipo yakaja maji mafu. Bahari haikubuni kitu cha tatu: ilipokea sababu mbili, ikatoa athari ambayo ni jumla ya athari za kila moja.

Chombo chochote, kiwe cha chuma, cha maji, cha umeme au cha hewa, kikiyatii masharti mawili, wahandisi hukiita mfumo mstari: la kwanza, ukiongeza sababu maradufu, athari nayo iongezeke maradufu, isizidi wala isipungue, na la pili, sababu mbili zikija kwa pamoja, athari iwe jumla ya zile ambazo zingalitokea lau kila sababu ingalikuja peke yake. Faida yake ni kubwa mno, kwa maana sababu iliyosokotana kama kamba ya nazi yaweza kufumuliwa ikawa nyuzi nyepesi, kila uzi ukatanzuliwa peke yake, kisha majibu yakajumlishwa, na jumla hiyo ikawa ndiyo jibu la fumbo zima. Ama kusema kwamba wakati wake haukatiki ni kusema kwamba hali ya chombo hicho hubadilika kama maji yanavyopanda ufukweni, ambayo huwezi kuonyesha dakika yaliporuka, wala haibadiliki kwa kurukaruka kama tarakimu za saa ya mkononi.

Mambo ya namna hiyo huandikwa kwa mlinganyo wa mabadiliko, nao una tabia moja inayowasumbua wanafunzi wengi mwanzoni: haukwambii kitu kiko wapi, bali hukwambia kinakwenda kwa kasi gani kutokana na hapo kilipo. Ni kama kumwuliza msafiri amefika wapi, naye akakujibu kwa kutaja mwendo wa gari lake tu. Sharti uujumlishe mwendo huo, punje kwa punje, tangu alipoondoka, ndipo upate mahali alipo. Mfaransa Pierre-Simon Laplace, aliyezaliwa mwaka 1749, ndiye aliyeandika katika miaka ya 1770 milinganyo ya mwendo wa maji ya bahari yanapovutwa na mwezi na jua, na ndiye huyo huyo ambaye jina lake limepewa ile njia ya hisabati ambayo kila mwanafunzi wa uhandisi hulazimika kuijua, njia igeuzayo mlinganyo wa mabadiliko kuwa hesabu ya kawaida ya kuzidisha na kugawanya. Basi kijana anayelalamika bwenini kwamba Laplace amemnyima usingizi, na mvuvi anayeamka alfajiri kuyawahi maji, wote wawili wamekeshwa na jambo la asili moja.

Fundi aliyefundishwa na mashine

Zamani kujumlisha huko kulikuwa kazi ya kalamu na subira, mpaka William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipobuni kati ya mwaka 1872 na 1873 mashine ya kutabiri maji kujaa na kupwa. Ndani yake mlikuwa na kapi kadhaa, kila moja ikipandishwa na kushushwa na gurudumu lililozunguka kwa muda wake maalumu, moja kwa ajili ya mwezi, nyingine kwa ajili ya jua, na nyingine kwa ajili ya hitilafu ndogo ndogo za njia zao, jumla yake 10. Na uzi mmoja ukapitishwa juu ya kapi zote, ncha yake ikafungwa kalamu. Mtu akizungusha mkono wa mashine, uzi huo ulizijumlisha nyendo zote kumi, na kalamu ikachora mbele ya macho yake kimo cha maji ya bandari kwa siku zijazo. Sharti la pili la mfumo mstari, ambalo wanafunzi hulikariri bila kuliona, hapo lilionekana kwa macho na kushikwa kwa mkono, kwa kuwa lilikuwa ni uzi.

Thomson hakutosheka. Ndugu yake James alikuwa amekwisha kubuni kifaa cha kisahani, tufe na mcheduara kilichoweza kufanya lile tendo la kujumlisha mwendo, na mwaka 1876 William akatangaza kwamba vifaa kama hivyo vikiunganishwa, tokeo la kimoja likirejeshwa kuwa chanzo cha kingine, vitatanzua mlinganyo wa mabadiliko vyenyewe. Fikira ilikuwa sahihi, walakini haikujengeka, kwa sababu tufe lililozungushwa na kisahani kwa msuguano tu halikuwa na nguvu ya kuendesha kifaa cha pili, sembuse cha tatu. Ilipita zaidi ya miaka hamsini kabla ya Vannevar Bush na wenzake katika chuo cha MIT, nchini Marekani, kukamilisha mwaka 1931 mashine yenye vijumlishi sita, iliyojaza chumba kwa fito za chuma na magurudumu ya meno, na iliyosaidiwa na kikuza nguvu kilichofanya kazi kama kamba iliyozungushwa kwenye gogo linalozunguka, ambapo mvuto mdogo wa upande mmoja huwa mvuto mkubwa wa upande wa pili.

Katika kumbukumbu za maisha yake, Bush alisimulia habari ya fundi mmoja aliyeajiriwa kuisaidia kazi hiyo, mtu ambaye hakuwa na elimu ya hisabati ya chuo, na ambaye hakuna aliyekaa naye kumfundisha milinganyo ya mabadiliko. Fundi huyo aliijenga mashine, akaitengeneza ilipoharibika, akaiendesha kwa niaba ya wasomi waliokuja na mafumbo yao, na baada ya muda ikadhihirika kwamba ameielewa kalkulasi, lakini ameielewa kwa lugha ya chuma: kwake yeye, kujumlisha kulikuwa ni tufe linaloviringika juu ya kisahani, na mlinganyo ulikuwa ni fito zinazosukumana. Bush aliona kuwa ni njia ngeni ya kuifikia elimu, na hata hivyo akakiri kwamba mtu yule alielewa kweli.

Habari hiyo ina nduguye huko Uingereza. Douglas Hartree, mwalimu wa chuo kikuu cha Manchester, aliitembelea mashine ya Bush mwaka 1933, na mwaka uliofuata yeye na mwanafunzi wake Arthur Porter wakajenga mashine ya namna hiyo kwa vipande vya Meccano, lile sanduku la vyuma vyenye matundu ambalo watoto wa Kiingereza walinunuliwa kuchezea. Gharama yake ilikuwa takriban pauni 20, na makosa yake takriban 2 katika 100, kiasi kilichotosha kuyafanyia kazi maswali ya kweli ya fizikia. Porter alikuwa mwanafunzi bado, naye hakupewa mashine aitumie, bali alipewa swali aijenge.

Ama sisi wa leo tumepewa zaidi ya wao wote. Katika miaka ya 1970 kuelekea mwisho, mwalimu wa hisabati Cleve Moler wa chuo kikuu cha New Mexico aliandika programu aliyoiita MATLAB, ili wanafunzi wake wakokotoe bila kwanza kujifunza kuandika amri ndefu za Fortran. Mwaka 1984 ikaanzishwa kampuni ya MathWorks kuiuza, na baadaye ikaongezwa Simulink, ambayo humwezesha mtumiaji kuunganisha visanduku kwenye kioo kwa mistari, kama Bush alivyounganisha vijumlishi kwa fito. Kwa asiye na fedha ipo Octave, ambayo kazi yake ilianza kwa dhati mwaka 1992 na ambayo hutolewa bure, na ipo Scilab iliyozaliwa Ufaransa, nayo ni ya bure. Kijana wa Dar es Salaam au wa Eldoret mwenye kompyuta kuukuu ya mapajani anamiliki leo mashine ambayo Kelvin asingalithubutu kuiota. Lakini fito hazionekani tena, tufe haliviringiki, na uzi umezama ndani ya kioo. Kwa hiyo yale ambayo fundi wa Bush aliyapata bila kufundishwa, mwanafunzi wetu aweza kuyakosa hata baada ya kufundishwa.

Twende mezani

Tuache masimulizi, tuchukue vitu vinne vinavyopatikana katika duka lolote la mafundi redio: betri ya volti 9, ile ya mstatili, rezista ya omu 10,000, kapasita ya mikrofaradi 1,000 iliyoandikwa ubavuni volti 16, na mita ya kupimia umeme. Unganisha betri, rezista na kapasita kwa duara, ukichunga ule mguu wa kapasita wenye alama ya hasi uelekee hasi ya betri, weka vijiti vya mita kwenye miguu miwili ya kapasita, na simu yenye saa iwe kando. Kabla ya kufunga waya wa mwisho, gusanisha miguu ya kapasita ili imwage umeme wote iliokuwa nao. Kisha funga, na uhesabu.

Mlinganyo wa chombo hiki waweza kusemwa kwa Kiswahili bila alama hata moja: kasi ya kujaa kwa kapasita ni sawa na kiasi kilichobaki kujazwa, kikagawanywa kwa sekunde 10, na hizo 10 zimepatikana kwa kuzidisha omu 10,000 kwa mikrofaradi 1,000. Kwa hiyo mwanzoni, palipobaki volti 9 zote, hujaa mbio. Kadiri inavyokaribia kujaa, hupunguza mwendo, mfano wa mgeni anayeona haya kuingia ndani. Hesabu husema kwamba baada ya sekunde 10 utasoma volti 5.7, baada ya 20 volti 7.8, baada ya 30 volti 8.6, baada ya 40 volti 8.8, na baada ya 50 volti 8.9. Mita yako haitakubaliana na hesabu moja kwa moja, kwa sababu kapasita za namna hii huuzwa kwa ruhusa ya kukosea 20 katika 100, juu au chini, hata ikawa zile sekunde 10 ni 8 au ni 12. Na hapo hapo mwanafunzi amejifunza jambo ambalo kompyuta haiwezi kumfundisha, kwamba namba iliyoandikwa ubavuni mwa kitu si kitu chenyewe.

Sasa tuigize chombo hicho kwa kalamu, kwa njia aliyoiandika Leonhard Euler katika kitabu chake cha mwaka 1768, njia rahisi kuliko zote: tazama ulipo, kokotoa kasi, piga hatua moja kana kwamba kasi hiyo haitabadilika, kisha tazama tena. Tukichagua hatua ya sekunde 2, tunaanza na sifuri, tunafika 1.8, kisha 3.24, kisha 4.39, kisha 5.31, na katika sekunde ya 10 tunapata volti 6.05, ilhali jibu la haki ni 5.69. Tukipiga hatua za sekunde 1 tunapata 5.86, na tukipiga hatua za sehemu ya kumi ya sekunde tunapata 5.71, ambalo linakaribia haki. Nalo si ajabu, kwa kuwa anayetazama njia mara nyingi hapotei mbali.

Lakini na tuchague hatua ya sekunde 25, kama afanyavyo mtu mwenye haraka. Mwanzoni kasi ni volti 0.9 kwa sekunde, kwa hiyo hatua ya kwanza yatupeleka volti 22.5, nazo tayari ni nyingi kuliko betri ilizo nazo. Kasi sasa imekuwa ya kurudi nyuma, na hatua ya pili yatutupa chini ya sifuri, volti 11.25 za upande wa hasi. Na hatua ya tatu yatupandisha hadi volti 39.4. Betri ya volti 9, isiyoongezewa chochote, imetoa volti 39, na tukiendelea itatoa mamia na maelfu. Chombo chenyewe mezani kimetulia kimya kwenye volti 9. Kilichopagawa ni kielelezo chake.

Hakika programu za leo ni erevu zaidi ya Euler. Wajerumani Carl Runge, mwaka 1895, na Wilhelm Kutta, mwaka 1901, walionyesha namna ya kutazama njia mara kadhaa ndani ya hatua moja, na nyingi ya programu hizo hujichagulia hatua zenyewe na kuzifupisha pale mambo yanapokwenda mbio. Walakini humpa mtumiaji ruhusa ya kuichagua hatua mwenyewe, tena katika kazi za kuendesha mitambo mara nyingi hatua hulazimika kuwa moja isiyobadilika. Na kompyuta, ikishaamriwa, huichora volti ya 39 kwa wino ule ule na kwa utulivu ule ule ambao huichorea volti ya 9. Haioni haya, kwa maana haikupata kuishika betri.

Ndoo iliyotoboka

Lipo na kosa la pili, la hila zaidi, nalo haliko katika kukokotoa bali katika kukiamini kielelezo chenyewe. Waalimu wengi, mimi nikiwamo kwa miaka yangu, hupenda kumfananishia mwanafunzi kapasita inayomwaga umeme na ndoo ya maji iliyotobolewa chini. Mfano ni mzuri, na si wa kweli. Evangelista Torricelli wa Italia alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1640 kwamba kasi ya maji yatokayo tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kina, wala haifuati kina chenyewe: ukitaka maji yatoke kwa kasi maradufu, sharti uongeze kina mara nne. Basi sharti la kwanza la mfumo mstari limevunjika, na dalili yake huonekana kwa macho, kwani ndoo iliyotoboka huisha maji ikabaki tupu kwa dakika maalumu, ilhali mfumo mstari, kwa hesabu, haumalizi kamwe, hupungua na kupungua tu.

Ukitaka ndoo iwe ya kweli kwa mfano huo, ziba tundu, na badala yake chomeka chini ubavuni mrija mrefu na mwembamba kama ule wa dripu ya hospitali, uulaze sawasawa na sakafu. Humo maji hupita polepole yakisuguana na kuta za mrija, na kasi yake hufuata kina kwa uaminifu, kama mkondo wa umeme unavyofuata volti ndani ya rezista. Ndoo ni ile ile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni njia ya kutokea, na mlinganyo mzima umebadilika pamoja nayo. Bahari yetu nayo ni hivyo hivyo: katika kilindi mwezi na jua hujumlishwa kwa adabu, lakini maji yaingiapo katika hori na midomo ya mito yenye kina kidogo, mawimbi huanza kubughudhiana, kujaa kukawa kwa haraka na kupwa kukawa kwa taratibu, na ile jumla nyepesi haitoshi tena.

Hayo yote hayamaanishi kwamba kuigiza kwa kompyuta ni bure. Abiria wa daladala aliyekaa kiti cha nyuma anajua gari lenye shokapu nzima hupita tuta likanesa mara moja likatulia, na lenye shokapu iliyokufa hunesa mpaka kituo kinachofuata. Mwanafunzi aweza kuibadilisha shokapu hiyo mara mia kwa saa moja juu ya kioo, akaona ni wapi kunesa kunapokoma na ni wapi gari linapokuwa gumu kama mkokoteni, jambo ambalo karakana yoyote ingalimgharimu mwaka na fedha asizo nazo. Tena atagundua kwamba springi, uzito na shokapu huandikwa kwa mlinganyo ule ule wa koili, kapasita na rezista, na kwamba aliyeielewa redio amekwisha kuielewa nusu ya daladala. Neema hiyo si ya kukataliwa. Ninalolikataa ni kuanza na mwisho, kijana akafundishwa kuvuta visanduku kwenye kioo kabla ya kuwahi kukisia kwa kichwa chake mchirizi wa grafu utakwenda wapi, utaanzia wapi, na utatulia wapi.

Basi ombi langu kwa waalimu wenzangu, katika vyuo vikuu na katika vyuo vya ufundi, ni dogo, na gharama yake haizidi nauli ya siku chache. Katika juma la kwanza la muhula, kabla ya kufungua maabara ya kompyuta, mgawieni kila mwanafunzi kapasita moja, rezista moja, betri moja na karatasi ya grafu. Naye aandike kwanza anachokitazamia, kisha apime, kisha akokotoe kwa kalamu hatua kwa hatua, na mwisho amweleze mwenzake kwa Kiswahili kwa nini vitu vitatu hivyo havikulingana. Atakapokuwa ameitia sahihi yake chini ya karatasi hiyo, mfungulieni mlango wa kompyuta, kwa kuwa siku itakapomwambia volti 39, atajua la kuijibu.